Geti la shamba linaburura kwa sababu mshazari umepigwa kinyume

Geti la mbao likianza kuburura chini, mwenye shamba hulaumu bawaba. Hununua bawaba kubwa zaidi, hushindilia mawe kwenye nguzo, na masika ikipita geti limelala tena. Mara nyingi kosa limo kwenye ile mbao moja ya mshazari. Mafundi wengi huipigilia ikianzia juu upande wa bawaba na kushuka hadi chini upande wa komeo. Inatakiwa ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo.

Sababu yake ni hii. Upande wa bawaba umeshikwa na nguzo, upande wa komeo unaning'inia, kwa hiyo pembe ya komeo ndiyo inayotaka kushuka. Mshazari ukiwa sahihi, pembe hiyo inaisukuma mbao kwa urefu wake hadi karibu na bawaba ya chini, na mbao ikisukumwa kwa urefu hubeba mzigo mkubwa. Mshazari ukiwa kinyume, pembe inavuta. Hapo mzigo wote unaangukia misumari miwili mitatu ya kila ncha. Misumari hupanua matundu yake, na kwa hewa yetu ya chumvi hapa pwani huliwa na kutu ndani ya mbao bila wewe kuona. Huenda kosa hili limetokana na kuiga mageti yanayokazwa kwa waya. Waya kweli hutoka juu upande wa bawaba ukashuka hadi chini upande wa komeo, kwa kuwa kazi ya waya ni kuvuta. Geti la bomba lililochomelewa halichagui sana. La mbao linachagua.

Kuuelekeza sawa hakutoshi. Mshazari haupigiliwi juu ya fremu kama kiraka. Unaingia ndani ya fremu, na ncha zake zinakatwa zikae bapa pembeni, mbao kwa mbao. Laza fremu kwenye sakafu iliyo sawa na upime kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Fremu ya futi 5 kwa futi 4 inatoa futi 6 na inchi 4 na robo tatu na ushei. Vipimo viwili vikipishana hata kwa robo inchi, fremu haijanyooka, usiendelee. Msiamini jicho, tafadhalini. Ikishanyooka, weka mbao ya mshazari juu yake, chora kwa penseli mahali inapokutana na fremu, ndipo ukate. Kata nje kidogo ya mstari, kisha punguza kwa patasi mpaka iingie kwa kugongwa. Uwazi wa milimita 3 kila ncha unauruhusu upande wa komeo kushuka karibu sentimita 1 kabla geti halijafanya kazi hata siku moja. Anayejaza uwazi huo kwa vibanzi anajidanganya.

Mshazari ukilala sana pia hausaidii. Geti la futi 10 kwa urefu wa futi 4 lina mshazari uliolala mno, hausukumi ipasavyo. Geti likizidi futi 6 upana, ligawe mara mbili. Njia ya gari la ng'ombe ya futi 10 iwe na nusu mbili za geti, futi 5 kila moja, moja ikiwa na komeo la kushuka kwenye tundu la ardhini. Fanya hesabu: geti zima la kilo 60, bawaba zimepishana futi 3, linavuta bawaba ya juu kwa nguvu ya kilo 100. Ukiligawa, kila nusu ya kilo 30 inavuta kilo 25 tu. Na bawaba zikipishana zaidi, mvuto unapungua zaidi, kwa hiyo zifunge karibu na ncha za juu na chini kadiri mbao inavyoruhusu.

Bawaba ndefu za mkanda zishikwe na bolti zinazopita mbao nzima, za milimita 10, zenye washa na nati, zote zilizotiwa zinki. Misumari kwenye bawaba ni pesa iliyotupwa.

Kupinda ni jambo jingine, na chanzo chake ni mbao mbichi. Nunua mbao za inchi 2 kwa 4 mwezi wa Juni masika ikiisha, uzipange kivulini zikipata upepo, kati ya safu na safu weka fito za inchi 1 kila baada ya futi 2, juu weka mawe. Zikae mpaka Septemba, ujenge kabla ya vuli. Kuzianika juani ili ziharakishe ndiko kunakozipinda. Kataa mbao yenye kiini cha mti katikati yake. Mfenesi na msaji hudumu nje. Mwembe huoza upesi. Rangi, au sifa (mafuta ya papa) ile wanayopaka mafundi wa madau, ipakwe pande zote pamoja na ncha kabla ya kuunganisha. Mbao iliyopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili na kujikunja.

Nguzo ya futi 8 izikwe futi 3. Kwenye maweni watu huchoka na mtaimbo wakaishia futi moja na nusu, halafu wanashangaa. Chini weka kokoto inchi 4 maji yapite, zege iwe moja ya saruji kwa mbili za mchanga kwa nne za kokoto, juu iteremke kutoka kwenye nguzo. Mwagilia siku 7 ndipo utundike geti. Kutundika siku ya pili kunailegeza nguzo daima. Ukitaka boriti ya mkoko iwe nguzo, inahitaji kibali.

Geti lililokaa vizuri husimama popote unapoliacha.

Kama tayari unalo lenye mshazari uliokaa kinyume, usilivunje. Liinue upande wa komeo kwa jeki au kabari mpaka vipimo vya pembe kwa pembe vilingane, toa mbao ile, ingiza mpya kwa njia sahihi. Usipopata mbao kavu, funga waya wa zinki mara mbili kutoka juu upande wa bawaba hadi chini upande wa komeo, ingiza kijiti katikati ya nyuzi mbili hizo, uzisokote mpaka zikaze, kisha ufunge kijiti kwenye fremu kisirudi.