Kunyoa ndevu bila vipele na bila kumaliza pesa

Saluni yangu iko Bombo, pembeni mwa barabara inayotoka Kampala kwenda Gulu, na wateja wangu wengi ni watu wa kambini. Askari hana likizo ya ndevu. Leo asubuhi anatakiwa awe safi kidevuni, kesho tena, keshokutwa tena. Ndiyo maana shingo nyingi zinazoegemea kiti changu zina vipele, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, ninunue wembe gani?"

Kwa ndevu zetu za kujisokota, wembe mmoja mkali unazishinda nyembe tano zilizopangwa kwenye kichwa kimoja, na kwa bahati nzuri huo mmoja ndio wa bei nafuu. Ila wembe ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye maji, povu na mkono wako, kwa hiyo nitaeleza yote kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza elewa kipele kinatoka wapi. Unywele wetu huota ukiwa umepinda. Ukikatwa chini kabisa ya ngozi, ncha yake inabaki kali kama mwiba, na unapoanza kurefuka unajikunja na kuichoma ngozi ileile uliyotokea. Mwili unaupokea kama kitu kigeni: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Wembe wenye makali mengi ndivyo ulivyotengenezwa kufanya kazi. Wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata kabla haujarudi, kisha unywele unazama chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahi, maana anakaa laini hadi jioni. Wewe na mimi tunalipa siku ya tatu.

Hatua ya 1: Zisome ndevu zako

Ziache siku mbili au tatu. Kisha pitisha kidole polepole kutoka sikioni kushuka kidevuni, halafu kutoka kidevuni kushuka kooni, halafu urudi juu. Upande ambao kidole kinateleza ndio uelekeo wa nywele. Upande unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni karibu kila mtu nywele zinashuka. Shingoni ndiko kwenye mambo. Kuna mtu zinapanda, kuna mtu zinalala kuelekea sikioni, kuna mtu zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Nimewahi kumnyoa afande mmoja ambaye shingo yake ya kulia ilishuka na ya kushoto ikapanda, naye alikuwa amenyoa pande zote mbili kwa namna moja tangu ujana. Vipele vyake vyote vilikuwa kushoto.

Hatua ya 2: Kama una vipele sasa hivi, usinyoe kwa wembe

Najua si habari tamu. Lakini hakuna wembe wa bei yoyote utakaokufaa juu ya ngozi iliyovimba. Pumzisha ngozi mwezi mzima hivi. Kama kazi yako hairuhusu ndevu, punguza kwa mashine ya saluni bila kuigandamiza, ibaki kama milimita moja. Ukiona unywele umejipinda na ncha imeingia ndani, chukua sindano uliyoichemsha, uinue ile ncha tu itoke nje, basi. Usiung'oe. Unywele uliong'olewa huota upya ukiwa chini ya ngozi, na hapo unaanza safari upya.

Vipele vikubwa na vigumu vya kisogoni, vile vinavyogeuka kuwa makovu manene, si kazi ya kinyozi. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, vikiwa bado vidogo.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kwa hesabu

Watu huangalia bei iliyoandikwa dukani. Wewe angalia bei ya kunyoa mara moja: gawanya bei ya kifaa kwa idadi ya mara utakazonyoa kwa raha kabla hakijaanza kuvuta nywele.

Chukua mtu anayenyoa kila baada ya siku moja, yaani kama mara 180 kwa mwaka. Nitatumia bei za mfano. Weka za dukani kwako. Wembe wa plastiki wa kutupa wa shilingi 1,000, ukimpa siku tatu nzuri, kwa mwaka atahitaji 60, ambazo ni shilingi 60,000. Wembe wa vichwa vya kubadilisha, kichwa kimoja shilingi 8,000 na kinanyoa mara kumi, unakula vichwa 18, yaani 144,000. Sasa chukua kishikio cha chuma kinachotumia wembe bapa wa pande mbili, ule ule wembe mwembamba wa kwenye karatasi ambao mama zetu hukatia kucha na kufumulia nguo. Kishikio kikiwa 25,000, na wembe mmoja shilingi 500 unanyoa mara nne, mwaka wa kwanza ni 47,500. Mwaka wa pili ni 22,500 tu, kwa sababu kishikio kipo. Ukikitunza, kinaweza kumfikia mtoto wako.

Unafuu huo una sababu. Kifaa hicho kilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kukitengeneza peke yako, Marekani mwaka 1904 kwa jina la King Camp Gillette, na hataza hiyo iliisha zamani sana. Kiwanda chochote kinaweza kutengeneza wembe wa umbo lile, na wembe wowote wa umbo lile unaingia kwenye kishikio chochote cha aina hiyo. Vichwa vya kubadilisha ni kinyume: ukinunua mpini wa kampuni fulani umefunga ndoa na vichwa vyake.

Ukienda kwenye masoko ya Kampala kama Kikuubo au Owino kutafuta kishikio, usichukue cha kwanza unachopewa. Omba uweke wembe ndani, kaza, kisha kitazame kwa mbele dhidi ya mwanga. Makali yajitokeze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukitoka zaidi, kitakukata upande huo kila siku na utadhani ni mkono wako. Fungua na ufunge mara kadhaa usikie kama nyuzi za skrubu zinashika. Chenye uzito kidogo ni bora kuliko chepesi, na sababu utaiona kwenye Hatua ya 5.

Je, kama huna hela ya kishikio leo? Nunua wembe wa kutupa wenye makali mamoja, au mawili ukikosa, na ufuate hatua zilizobaki vilevile. Nimeona wateja wakipona vipele kwa wembe wa bei ndogo kabisa dukani, baada tu ya kubadilisha namna ya kunyoa.

Kuna pia poda ya kunyolea, ile inayokorogwa na maji ikawa uji, inapakwa, inayeyusha unywele, kisha inakwanguliwa. Kwa vipele vya ndevu ni njia ya kweli, kwa sababu unywele unabaki na ncha butu. Ila ni kemikali kali. Jaribu kwanza kiasi kidogo mkononi, subiri hadi kesho yake. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, usiongeze hata moja. Kwangulia kitu butu kama ukingo wa kijiko, kamwe usitumie wembe, na usirudie mpaka siku kadhaa zipite. Harufu yake ni nzito, fungua dirisha.

Mashine ya umeme ya kupunguzia nywele, kama ile ya saluni, inamfaa zaidi yeyote anayepata vipele hata akifuata yote haya. Haikati chini ya ngozi, na hapo ndipo salama yake.

Hatua ya 4: Lainisha

Kama hatua moja tu ingebaki kwenye mwongozo huu, ningeibakiza hii. Unywele mkavu ni mgumu. Ukinywa maji unalegea na kukatika kwa nguvu ndogo sana. Nyoa baada ya kuoga. Kama huwezi, chovya taulo ndogo kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, ufunike ndevu kwa dakika tatu. Huhitaji bomba la maji ya moto: mimi mwenyewe nyumbani hutumia maji yaliyobaki kwenye flaski ya chai.

Sabuni ya mche ya kufulia iache kwenye nguo, inakausha ngozi vibaya. Sabuni ya kuogea inafaa, krimu ya kunyolea ni bora zaidi. Tumia brashi ukiwa nayo, ukizungusha mpaka povu liwe zito kama mtindi na nywele zisimame. Liache dakika mbili usoni kabla ya kugusa wembe. Usipake mafuta ya mgando chini ya povu, yanaziba wembe.

Hatua ya 5: Pitisha wembe mara moja tu, kufuata uelekeo

Weka kishikio shavuni kikiwa kimelala, kisha kiinue taratibu mpaka usikie makali yanaanza kugusa nywele. Pembe hiyo, kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, ndiyo utakayoishika muda wote. Usibonyeze. Uzito wa chuma unatosha kukata; mkono wako unaongoza tu. Hapa ndipo wanapojikata waliozoea wembe wa plastiki, kwa sababu ule mwepesi uliwafundisha kukandamiza.

Vuta kwa vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, suuza wembe, endelea. Anza mashavuni, nenda shingoni ukifuata ule uelekeo uliousoma, malizia kidevuni na juu ya mdomo. Huko nywele ni nene, na povu litakuwa limepata muda wa kuzilegeza.

Na hili walimu wengi wa kunyoa hulisema tofauti: usivute ngozi. Ngozi ikivutwa, unywele hukatwa ukiwa umetoka nje, halafu ukiiachia unazama ndani. Tumesharudi kwenye vipele. Pale chini ya taya ambapo pana mkunjo, inua tu kidevu.

Ukibaki na vinywele unavyovisikia kwa kidole lakini havionekani kwenye kioo, viache. Ukitaka kurudia, paka povu upya na upite tena uelekeo uleule, au kwa ubavu. Kinyume cha nywele usiende.

Hatua ya 6: Baada ya kunyoa

Maji baridi. Kisha kipande cha shabu, ile ya mawe meupe inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili: kilowanishe, kipitishe usoni. Kitachoma kidogo pale ulipojikwaruza, na hiyo ni taarifa nzuri ya mahali ulipobonyeza. Ngoja dakika moja, suuza, paka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Spiriti usoni siipendi. Inakausha, na ngozi kavu inaushika unywele usitoke.

Ukinyolewa saluni

Dai wembe mpya ufunguliwe kwenye karatasi mbele ya macho yako. Usione haya, kinyozi mwema hatakasirika. Damu inayobaki kwenye wembe huenda isionekane, na virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Hata nyumbani, baba na mwana kila mmoja awe na wembe wake. Na wewe kinyozi mwenzangu unayesoma: Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, vifaa vya chuma vilowe dakika kumi baada ya kuoshwa kwa sabuni, kisha suuza na kausha upesi kwa sababu klorini inakula chuma.

Hatua ya 7: Tunza wembe, na utupe vizuri

Suuza, kung'uta, weka pakavu. Usifute makali kwa taulo, yanafifia. Andika kwenye karatasi ya wembe idadi ya mara ulizonyoa. Ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, umekwisha hata kama ni mara ya pili. Kung'ang'ania wembe butu kwa ajili ya shilingi 500 ndiko kunakoleta makovu.

Nyembe zilizokwisha usizitupe kwenye taka wazi. Kuna watoto na kuna watu wanaochambua taka kwa mikono. Chukua kopo la bati lenye mfuniko, toboa ufa mwembamba juu, udumbukize humo. Langu la nyumbani lina miaka minne na halijafika nusu.