Namna ya Kuipima Habari ya Seli Shina kwa Mgonjwa wa Saratani ya Thairoidi

Mgonjwa wa saratani ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, anapoletewa chupa ya vidonge vinavyodaiwa kuwa ni vya seli shina, kwanza atenganishe mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Seli shina za kawaida hujigawa na kuzaa seli zenye kazi maalumu mwilini. Seli shina za saratani ni zile chache ndani ya uvimbe ambazo kwa uwezo huo huukuza ugonjwa na kuurudisha baada ya tiba. Hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kuponya saratani hii, na inaniuma kuona nauli ya kliniki ikiishia kwenye chupa hiyo.

Kisha soma majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa kipande cha uvimbe kwa hadubini, uangalie aina ya saratani. Iliyo ya kawaida zaidi ni ya papilari, ambayo seli zake kwa kawaida bado hufyonza iodini kama thairoidi yenyewe. Ndiyo sababu iodini nururishi, yaani iodini inayotoa mionzi ya kuua seli, iliyoanza kutumika miaka ya 1940, inaweza kuzifuata hata kwenye mapafu. Ya anaplastiki ni nadra lakini kali mno, kwa kuwa seli zake zimepoteza tabia ya thairoidi, hazifyonzi iodini, na zinafanana na seli ambazo hazijakomaa. Hapa ndipo utafiti wa seli shina unapogusa mgonjwa. Katika maabara, seli za uvimbe huwekwa kwenye maji ya lishe yasiyo na serumu (majimaji ya damu yaliyoondolewa seli), ndani ya sahani zisizonata. Nyingi hufa, ila chache huendelea kujigawa zikielea, hadi zikafanya vitufe vidogo. Wataalamu wangali wanajadili kama seli hizo chache, zinazodhaniwa kuwa ndizo seli shina za saratani, zilitokana na seli shina za thairoidi au ni seli zilizokomaa zikarudi nyuma.

Iwapo majibu yanataja anaplastiki, muulize daktari mapema kuhusu kipimo cha jeni ya BRAF, kwani mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya dabrafenib pamoja na trametinib kwa wagonjwa wenye badiliko la V600E katika jeni hiyo.

Kwa aina ya papilari, usiache kliniki kwa sababu kidonda cha upasuaji shingoni kimepona. Seli chache zilizobaki huweza kukaa kimya kwa miaka, kwa hiyo weka daftari la vipimo vya thairoglobulini (protini inayotengenezwa na seli za thairoidi na kupimwa kwenye damu) na ultrasaundi ya shingo, uende nalo kila miadi, ili daktari aone kama namba ya thairoglobulini inapanda.