Kuikuza Timu ya Sifa Bila Kuwachosha Waimbaji: Hatua Tunazofuata Mtwara

Bwana Yesu asifiwe. Naongoza timu ya sifa kwenye kanisa moja hapa Magomeni, Mtwara mjini. Tulianza tukiwa tisa, na wote tisa tulikuwa tunapanda mbele kila Jumapili. Ukaingia Oktoba, msimu wa korosho, watu wakaenda mashambani Newala na Tandahimba. Jumapili moja nikajikuta nimebaki na mpiga kinanda tu, sauti ya pili haipo, ya tatu haipo, na kanisa zima linatutazama. Tangu hapo nimekuwa nikijenga timu ambayo mtu anaweza kuondoka, akarudi, na nafasi yake akaikuta.

Hatua ya 1: Elewana na mchungaji

Kabla hujamwita mwimbaji yeyote, kaa na mchungaji mkubaliane nani anachagua nyimbo, sifa zinachukua dakika ngapi, na mwimbaji akiyumba kitabia nani anamwita. Hilo la mwisho usiliache likaning'inia.

Hatua ya 2: Gawa zamu kabla watu hawajachoka

Fungua 1 Nyakati 25. Waimbaji stadi walikuwa 288, wakapangiwa zamu kwa kura, makundi 24, kila kundi watu 12. Mstari wa 8 unasema kura hiyo ilipigwa kwa mdogo na mkubwa sawasawa, mwalimu na mwanafunzi. Mimi naushikilia sana mstari huo.

Ukiwa na watu wanane, fanya makundi mawili ya wanne. Kila kundi liwe na angalau mtu mmoja anayeshika sauti yake hata akisimama peke yake. Kundi la kwanza Jumapili hii, la pili inayofuata, na mara moja kwa mwezi mnaimba wote. Ambaye si zamu yake akae kwenye viti na familia yake. Dada mmoja aliniambia, kwa machozi, kwamba tangu ajiunge hajawahi kumpakata mtoto wake ibadani mpaka tulipoanza zamu. Niliumia, kwa sababu mimi ndiye niliyempanga.

Ratiba ya zamu iendane na kilimo. Huku kwetu, katikati ya mwaka watu wanapulizia mikorosho salfa (unga wa kuikinga na ugonjwa), na mwisho wa mwaka wanaokota korosho na kusubiri minada. Kijana wetu anayeimba tena (sauti ya juu ya wanaume) aliwahi kuja mazoezini akitokea kupulizia tangu alfajiri, macho mekundu, vumbi la manjano bado limo kwenye nyusi. Alipofungua kinywa, sauti ikatoka inakwaruza kama msasa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo kaa usikilize tu." Koo lililokwaruzika halilazimishwi. Mpe maji, mpumzishe, na zamu yake ichukuliwe na mwingine bila maneno.

Hatua ya 3: Mpokee mgeni polepole

Mwezi wa kwanza aje mazoezini, aimbe na wenzake, lakini asishike maiki. Msikilize mkiwa wawili tu: gonga nota moja kwenye kinanda, aitoe kwa "aa", kisha nota tatu zinazofuatana. Usimpime mbele ya watu; wapo waliofungwa kinywa maisha yao yote kwa kicheko cha siku moja. Akishika nota, msimamishe ubavuni kwa mwimbaji mzoefu wa sauti ileile, sikio kwa sikio, miezi miwili au mitatu. Asiposhika, mwambie ukweli kwa upole na umwoneshe nafasi nyingine: mitambo, kuandaa maneno ya nyimbo, maombi.

Hatua ya 4: Chagua kii ya kanisa

Kii ni nota ambayo Do ya wimbo inaangukia, ndiyo inayoamua wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Hapa ndipo timu nyingi zinapowapoteza waumini. Wimbo mliojifunza kwenye simu ulirekodiwa kwa koo la mwimbaji mmoja. Tafuta nota yake ya juu kuliko zote, mara nyingi iko kwenye kiitikio, kisha iguse kwenye kinanda. Kipimo changu ni nota ya D (nota za kinanda huitwa kwa herufi, A hadi G). Ikipanda kupita hapo, kina mama wanaanza kubana koo na kina baba wananyamaza. Mfano: Do ikiwa A na kiitikio kinagusa So ya juu, hiyo So, nota ya tano ukihesabu kuanzia Do, ni E. Shusha nusu-toni mbili (nusu-toni ni hatua ya kutoka kibao kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, vyeusi vikiwemo), Do iwe G, na So itaangukia D. Kwa ibada ya kwanza ya asubuhi naweza kushusha nusu-toni moja zaidi, maana sauti zinakuwa bado nzito.

Hatua ya 5: Mazoezi

Sisi ni Jumamosi, saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu. Kila sauti ikae peke yake dakika ishirini, kisha mnaunganisha. Dakika za mwisho fanyeni kuhama tu kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, kwa sababu makosa mengi ya Jumapili yanatokea hapo. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Adhana ya Magharibi ikianza tunazima spika na kuomba kimyakimya.

Fundi mitambo awepo tangu mwanzo, naye ni mwanatimu. Na kwa hewa ya chumvi ya huku pwani, gitaa lifutwe nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, la sivyo kutu haichelewi.

Hatua ya 6: Migogoro na bahasha

Kosa la Jumapili usiliseme Jumapili. Subiri Jumanne, mwite mtu mkiwa wawili, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Waimbaji wawili wasioongea usiwapange zamu moja ukitumaini watapatana jukwaani; wapatanishe kwanza.

Mkialikwa kuimba harusini, bahasha ifunguliwe mbele ya watu watatu, kiasi kiandikwe kwenye daftari, na kila aliyeimba atie sahihi. Tuliwahi kupoteza waimbaji wawili kwa bahasha moja. Hakuna aliyeiba; hakuna aliyeandika. Mmoja wao alirudi mwaka uliofuata, na ndiye anayelitunza daftari hilo mpaka leo.