Ukishapandikizwa figo, jikague mwili kila mwezi

Figo yangu nilipandikizwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na makazi yangu ni Urambo, mkoani Tabora. Kliniki ni mbali. Kati ya safari moja na nyingine, mwenye jukumu la kuuangalia mwili huu ni mimi, na wewe mwenzangu ni hivyohivyo.

Dawa tunazomeza ili mwili usiikatae figo, kama takrolimasi na prednisoloni, zinashusha kinga. Kinga hiyo ndiyo inayozuia virusi na kuua chembe zilizoharibika, kwa hiyo hatari yetu ya saratani kwa jumla ni mara 2 hadi 4 kuliko ya watu wengine. Tafadhali usiache dawa kwa hofu hiyo. Ukiacha, figo itakataliwa, urudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Chagua siku moja ya mwezi, asubuhi, karibu na dirisha. Vua nguo zote. Anzia kwenye nyayo na katikati ya vidole, panda miguuni. Unatafuta baka au kinundu cha zambarau, kahawia au cheusi kisichouma; huenda ni Kaposi, saratani ambayo hutokana na kirusi kilichoenea Afrika, na kwetu hujitokeza sana miaka 2 ya mwanzo. Mguu mmoja ukivimba, usipuuze. Kisha tochi mdomoni: kaakaa, fizi, chini ya ulimi. Papasa shingo, makwapa na kinena kama kuna mitoki. Sehemu za siri na njia ya haja kubwa zikague pia kwa kioo, maana kwa sisi weusi saratani ya ngozi hutokea hata kusikofika jua. Kovu la zamani la moto likifungua kidonda kisichopona, hilo ni la kupeleka hospitali. Mgongo wangu huukagua Mama Shija, na ananishinda kwa umakini.

Kina mama, ombeni kupimwa mlango wa kizazi kila mwaka.

Tumbaku ndiyo inayosomesha watoto huku kwetu, najua. Lima ukilima, ila usivute. Shambani vaa kofia pana na mikono mirefu, hasa kama unatumia dawa ya azathioprini, kwani inaifanya ngozi iungue upesi.

Ukiona kitu, weka sarafu kando yake upige picha, uandike tarehe. Nenda hospitali, Kitete kwa mfano, si duka la dawa, na neno lako la kwanza liwe: "Nimepandikizwa figo." Omba wakate kinyama kipimwe, na wawasiliane na kliniki yako. Daktari wako anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa uende kwenye sirolimasi, na kuna Kaposi ambazo hufifia kwa hilo tu. Mitishamba utakayoshauriwa na majirani usiinywe, kwa sababu baadhi hupandisha au kushusha takrolimasi kwenye damu bila wewe kujua. Balungi nalo huipandisha.