Kuanza Kuzungumza Kivietinamu: Toni Kwanza, Msamiati Baadaye

Anayeanza kujifunza Kivietinamu kwa kawaida hutafuta orodha ya maneno, huikariri kwa bidii, kisha hushangaa kwamba anapoyatamka hakuna anayemwelewa. Katika lugha hii toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni sehemu ya neno sawasawa na konsonanti na irabu zake, na mtu aliyekariri neno bila toni hajalijua neno hilo hata kama anaweza kuliandika. Kwa sababu hiyo siku za mwanzo zitumike kuzoeza sikio na ulimi, na msamiati usubiri.

Amua kwanza utafuata matamshi ya wapi. Lafudhi ya Hanoi, kaskazini mwa Vietnam, ina toni 6 na ndiyo inayofuatwa na vitabu vingi vya wageni, ilhali katika lafudhi ya kusini, inayosikika katika Jiji la Ho Chi Minh, toni mbili zimeungana na kubaki 5. Konsonanti nazo hutofautiana: neno la kuitikia kwa heshima, dạ, hutamkwa kwa z kaskazini na kwa y kusini. Hakuna lafudhi iliyo bora kuliko nyingine, lakini kuzichanganya mapema ni kujitafutia taabu. Chagua ile ya watu utakaozungumza nao, na kama bado huwajui, anza na ya Hanoi.

Mfano wa toni unaotumiwa na walimu karibu wote ni silabi ma. Ikitamkwa kwa sauti tambarare, iliyo juu kidogo, ni mzimu. Mà, inayoshuka taratibu, ni ‘lakini’. Má, inayopanda, ni shavu, na kusini ni mama. Mả, inayozama na kuinuka, ni kaburi. Mã, inayopanda huku ikikatika kooni katikati, ni farasi. Na mạ, inayoshuka na kukatwa ghafla, ni miche ya mpunga. Tamka sita hizo kwa kumfuatisha mzungumzaji aliyerekodiwa, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza rekodi mbili moja baada ya nyingine. Zoezi hili linachosha, na ndilo ambalo wengi huliruka.

Kuna kosa moja linalowanyemelea hasa wazungumzaji wa Kiswahili. Sisi huuliza swali kwa kuinua sauti mwishoni mwa sentensi, na mazoea hayo hayafai katika Kivietinamu, kwa kuwa kuinua sauti ni kubadilisha toni ya neno la mwisho. Swali Chị có khỏe không?, yaani ‘Hujambo, dada?’, huishia na không yenye toni tambarare, na lazima ibaki tambarare; alama ya swali tayari imo katika neno lenyewe.

Kwa upande wa konsonanti, Kiswahili kinatupa akiba nzuri. Sauti ya ng’ katika ng’ombe ndiyo inayoanza jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini Vietnam, Nguyễn. Herufi nh husomwa ny, na kh ipo karibu na ile ya kheri. Mitego iko kwingine: th si ile ya thamani bali ni t yenye pumzi nyingi, x husomwa s, na ni đ yenye mkato tu ndiyo d tunayoijua. Aidha, tumezoea kumaliza maneno kwa irabu, kwa hiyo một, ‘moja’, hugeuka ‘moti’ vinywani mwetu. Acha ncha ya ulimi ibaki imegusa nyuma ya meno na usiiachie pumzi itoke.

Sasa njoo kwenye jambo linalobeba mazungumzo yote, nalo ni jinsi ya kuitana. Wavietinamu huitana kwa majina ya undugu hata wasipokuwa ndugu, na majina hayo hushika nafasi ya ‘mimi’ na ‘wewe’. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo ni anh, mwanamke wa rika hilo ni chị, na wewe mbele yao ni em. Aliye rika la wazazi wako huwa chú, kama baba mdogo, au cô, kama shangazi. Anayewazidi wazazi umri ni bác, na mbele ya hao wote wewe ni cháu. Usiudhike basi mtu mliyekutana punde akikuuliza umri wako, kwani bila kuujua hawezi hata kuunda sentensi yake vizuri. Salamu Xin chào, inayotangulia katika vitabu, ni sahihi lakini imekaa kirasmi mno. Em chào chị ạ, pamoja na ạ ya heshima mwishoni, ndiyo itakayopokelewa kwa uchangamfu.

Sarufi ni nyepesi. Kitenzi hakibadiliki kamwe: em ăn ni ‘ninakula’, na ukitanguliza đã unapata wakati uliopita, đang jambo linaloendelea, sẽ wakati ujao, na không ukanushi. Sifa hufuata nomino kama kwetu. Jozi ya chưa na rồi ijifunze mapema, kwa sababu hufanya kazi kama ‘bado’ na ‘tayari’: ukiulizwa Em ăn cơm chưa?, ‘Umeshakula?’, jibu Em ăn rồi au Em chưa ăn.

Hifadhi sentensi nzima, usihifadhi maneno moja moja. Kwenye mgahawa wa kahawa utaita Chị ơi, ‘Dada!’, utaagiza Cho em một cà phê sữa đá, yaani kahawa ya maziwa yenye barafu, kisha utauliza Bao nhiêu tiền hả chị?, ‘Ni pesa ngapi, dada?’ Ukijibiwa hai mươi lăm nghìn, hizo ni dong 25,000. Tano, năm, imegeuka lăm kwa kuwa imefuata makumi, na kusini utasikia ngàn badala ya nghìn.

Weka pia kibodi ya Telex kwenye simu, ambayo alama za toni huandikwa kwa herufi za kawaida: s kwa sắc (toni ya má), f kwa huyền (ya mà), r kwa hỏi (ya mả), x kwa ngã (ya mã) na j kwa nặng (ya mạ). Kila neno utakaloandika litakulazimisha ukumbuke toni yake. Na pale utakapopotea katikati ya mazungumzo, sema Em không hiểu, ‘Sijaelewa’, kisha uombe Chị nói chậm lại được không?, ili mwenzako aseme polepole.