SOMO: Kudai marekebisho chuoni kabla muhula haujaanza

Habari zenu wanachama. Kila matokeo ya udahili yakitoka napigiwa simu na wazazi wa Moshi, Himo hadi Usa River, swali lao moja: mtoto amepata chuo, ana ulemavu, tuanzie wapi?

Anzeni kwa kujua mnasimama juu ya nini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na inawapa haki sawa ya elimu, wawe na umri wowote. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na humo kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko yanayomwezesha kusoma na kufanya mtihani sawa na wenzake, kunahesabiwa kuwa ubaguzi. Shikeni hapo. Si lazima chuo kikufukuze ndipo kiwe kimekubagua. Kukupangia mtihani ghorofa ya pili, nawe unatumia kitimwendo na lifti hakuna, kisha kukataa kukuhamishia chini, tayari ni ubaguzi.

Hatua ya 1: Uthibitisho. Pata maelezo ya daktari. Mwombe aandike unachoweza na usichoweza kufanya, jina la ugonjwa peke yake halimsaidii mhadhiri. Toa nakala kadhaa, Bodi ya Mikopo nayo itataka uthibitisho wake.

Hatua ya 2: Barua. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mdogo wangu ana uoni hafifu. Barua yake ya kwanza ilisema, "Naomba msaada kwa kuwa nina matatizo ya macho." Akajibiwa pole, basi. Siku ya mtihani akaletewa karatasi ya A4 iliyokuzwa kwa fotokopi hadi A3. Ilikuwa inaning'inia pande zote za kimeza cha kile kiti, na kwa kuwa ilikuwa nakala ya nakala, herufi zilikuwa kubwa lakini za kijivu. Tatu na nane hazikutofautiana. Alitoka analia, mimi nikiwa namsubiri nje.

Barua ya pili tuliiandika pamoja: "Naomba karatasi ya mtihani ichapwe moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, herufi ukubwa wa 20, wino mweusi, karatasi ya A4. Naomba nyongeza ya dakika 10 kwa kila saa." Akapewa. Dakika hizo hatukuzibuni: ndizo Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye uoni hafifu, na kwenye Hisabati ni dakika 20. Kwa hiyo taja kizuizi, taja marekebisho, taja tarehe unayoyahitaji. Usiombe huruma.

Hatua ya 3: Masijala. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua uliyomwachia mtu mkononi haina ushahidi.

Hatua ya 4: Ikikwama. Mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi, kisha uongozi wa juu, kila ngazi kwa maandishi. Nje ya chuo kuna SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

MASWALI

*Mama wa Himo: Mwanangu ni kiziwi. Chuo kinasema mkalimani ni ghali, nilipe mwenyewe?*

Shikamoo mama. Usikubali haraka. Mkataba unaruhusu chuo kujitetea kwamba mzigo umepita kiasi, lakini neno "ghali" peke yake halitoshi. Waombe wakuandikie sababu. Wakati mnasubiri, adai yasiyo na gharama: notisi za somo kabla ya kipindi, kiti cha mbele, na mhadhiri asiongee huku ameugeukia ubao.

*Kijana wa Njiro: Dada, kwenye fomu ya udahili sikusema kwamba nina ulemavu. Nimechelewa?*

Hujachelewa mdogo wangu, andika leo. Ila ngazi na milango havikupaswa kukusubiri wewe useme. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inavitaka vyuo vifikirie vizuizi kabla mwanafunzi hajafika. Natamani na sisi tufike hapo, maana mwanafunzi mmoja mmoja kupigania njia ya kitimwendo kila mwaka kunachosha.

*Mwalimu, Tengeru: Na mafunzo kwa vitendo?*

Barua nyingine, mwalimu. Moja kwa chuo, moja kwa ofisi anakokwenda mwanafunzi, mapema kabla hajaripoti. Na aende akaione ofisi yenyewe kwanza, hasa choo.