Hakimiliki katika historia ya ukoo: hatua za kufuata kabla hujasambaza

Unaweza kuwa na picha ya babu yako mkononi, umeirithi kihalali, na bado usiwe na haki ya kuichapisha. Karatasi ni mali moja, hakimiliki ni mali nyingine, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Kila ninapoandaa kumbukumbu za ukoo kwa ajili ya kitabu au mtandao, hufuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tenganisha taarifa na maandishi yaliyoibeba

Jina, tarehe ya kuzaliwa, nani kamzaa nani: hayo hayana hakimiliki popote. Mwaka 1991, katika kesi ya kampuni mbili za vitabu vya simu, Feist dhidi ya Rural, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa hata jasho la kukusanya majina na namba za simu halimpi mtu umiliki wa taarifa zenyewe. Basi ukisoma tanzia, chukua majina na tarehe bila wasiwasi. Zile aya za kumsifu marehemu ni za aliyeziandika. Simulia kwa maneno yako. Taja chanzo pia, kwa sababu atakayekuja baada yako atakihitaji, ila kutaja chanzo hakuchukui nafasi ya ruhusa.

Tahadhari moja: Umoja wa Ulaya hulinda hifadhidata, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa, kwa miaka 15, hata kama kila taarifa iliyomo ni huru. Kunakili jina moja si sawa na kuzoa faharasa nzima.

Hatua ya 2: Mtafute aliyeunda

Barua aliyoandikiwa bibi yako ni karatasi ya bibi, lakini maneno ni ya mwandishi, na akifa yanakwenda kwa warithi wake. Picha nayo kwa kawaida ni ya mpiga picha, si ya aliyepigwa.

Geuza picha uangalie mgongo wake. Huko ndiko utakuta muhuri wa studio, namba ya negativu (filamu iliyosafishiwa picha), au mwaka ulioandikwa kwa penseli ukakaribia kufutika. Skani pande zote mbili, na usikate kingo. Nimeona watu wakihifadhi sura tu, kisha ushahidi pekee wa nani alipiga na lini ukapotea pamoja na albamu. Ushahidi huo unaweza hata kukupa haki: Uingereza, picha iliyoagizwa na kulipiwa kabla ya Agosti 1989 kwa kawaida hakimiliki yake ni ya aliyeagiza, yaani huenda ni ya ukoo wako.

Hatua ya 3: Hesabu miaka

Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi huanza wenyewe, bila kusajili wala kuweka alama yoyote. Kiwango chake cha chini kwa maandishi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Kenya na Tanzania zimebaki kwenye 50. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni 70. Hesabu huishia mwisho wa mwaka. Kitabu cha mtu aliyefariki Machi 1960 kiliachiwa huru mwishoni mwa 2010 penye miaka 50. Penye 70, ni mwishoni mwa 2030. Marekani ina hesabu nyingine kwa kazi zilizochapishwa kabla ya 1978: kwa kawaida hazizidi miaka 95 tangu kuchapishwa.

Mtego mkubwa uko kwenye maandishi ambayo hayajawahi kuchapishwa, na barua na shajara za ukoo karibu zote ziko hivyo. Uingereza, kama mwandishi alifariki kabla ya 1969 na maandishi yakawa hayajachapishwa hadi Agosti 1989, ulinzi unaendelea mpaka mwisho wa 2039, hata barua iwe ya karne ya 18. Ukubwa wa umri wa karatasi usikudanganye. Na kwa kuwa mtandao unafika kila nchi, mimi hutumia muda mrefu zaidi.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa maandishi

Usingoje. Mzee akishafariki, haki inagawanyika kwa warithi na utalazimika kuwatafuta wote. Ujumbe mfupi unatosha:

“Shikamoo shangazi. Naomba ruhusa ya kuweka barua ulizomwandikia baba kwenye kitabu cha ukoo na mtandaoni, kwa jina lako. Kama kuna barua au sehemu usiyotaka ionekane, niambie nitaitoa.”

Taja kitu chenyewe, mahali kitakapoonekana, na kama kitauzwa. Kwenye mahojiano, omba ruhusa mwanzoni huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa, kwa kuwa maneno ni ya msimulizi.

Hatua ya 5: Soma masharti ya ulikopata

Hifadhi ya nyaraka au tovuti inaweza kukuzuia kuchapisha nakala yake hata kama hakimiliki ilishakwisha, kwa sababu ulikubali masharti yake. Huo ni mkataba, na unakubana.

Hatua ya 6: Walio hai

Hii ni faragha zaidi kuliko hakimiliki. Kwenye mti wa ukoo unaoonekana hadharani, ficha majina na tarehe zao.

Hatua ya 7: Weka rekodi

Kwa kila faili andika aliyeunda, mwaka, mwenye haki sasa, ruhusa iliyotolewa na tarehe yake. Penye kitu usichokijua andika “haijulikani”, pamoja na mahali ulipokwisha kutafuta, ili mwenye haki akijitokeza uwe na cha kumwonyesha.